SOMO LA MIZIZI: MUTOMA WA KIMWANI NDANI YA CHUNGU



Katika mikutano ya matawi yetu liko swali moja lisilokosa kuulizwa kila mwaka. Mtu husimama akasema, "Mimi nilipanda miche yangu wakati wa masika, nikaitilia kivuli, nikainywesha maji wakati wa kiangazi, nayo ikashika. Mwaka wa tatu ikadumaa, na mwaka wa nne ikaanza kukauka mmoja mmoja. Sababu yake nini?" Hapo kila mtu hutoa lake. Huyu husema mchwa, yule husema jua, na mwingine husema ardhi imechoka. Yote hayo huweza kuwa kweli. Lakini iko sababu nyingine ambayo aghalabu sisi wakulima hatuitazami, kwa kuwa imefichika chini ya ardhi, nasi wenyewe ndio tulioizika.

Mimi ni mmoja wa waliopata hasara hiyo. Nilipanda miche 60, nikabaki na 19. Sababu yake sikuijulia hapa kisiwani. Niliijulia mbali sana, katika nchi ya Kimwani, mkoani Kagera, nilipokuwa nikijifunza kazi iliyoonekana machoni pangu kuwa ni mchezo tu: kuuchukua mche wa kitalu na kuulea ndani ya chungu mpaka uwe na sura ya mti wa miaka mingi. Kazi hiyo Wajapani huiita bonsai. Katika somo hili nitaeleza kwanza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, hatua kwa hatua, ili anayependa aijaribu nyumbani kwake. Kisha nitaonyesha lile lenye faida kwa mikarafuu yetu.

NILIVYOFIKA KIMWANI

Kimwani iko kusini mwa wilaya ya Muleba, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Ni nchi ya juu, maana maji ya ziwa lenyewe yako kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika mkoa huo ndizi ndicho chakula kikuu, na kahawa ni zao la fedha tangu zamani, kama karafuu ilivyo kwetu. Nyumba nyingi zimezungukwa na kibanja, yaani shamba la migomba, mibuni na maharage, na kati yake imesimama miti mikubwa ya kivuli.

Binti yangu ameolewa na mwalimu anayefundisha huko, nami mwaka 2015 nilikwenda kuwatazama, nikakaa miezi minne. Mkwe wangu alikuwa na kitabu kinachofundisha bonsai. Karibu na nyumba yao palikuwa na kitalu cha mzee mmoja aliyeuza miche ya kahawa na ya miti mingine. Mtu asiye na kazi huanza kwa kutazama na huishia kwa kutia mkono. Hivyo ndivyo nilivyoanza.

BONSAI NI NINI

Maana ya neno lenyewe ni kitu kilichopandwa katika chombo kipana chenye kina kidogo. Kazi hii ilianza China, ikaingia Japani na kukomaa huko. Watu wengi hudhani kwamba mti wa bonsai hutokana na mbegu ya pekee, mbegu ya mti mfupi. Sivyo. Ni mti ule ule wa msituni. Ukiutoa chunguni na kuupanda ardhini utarefuka kama wenzake. Wengine hudhani kwamba mti hunyimwa chakula na maji hata ukadumaa. Hilo nalo si kweli. Mti wenye njaa hufa, lakini bonsai iliyotunzwa huishi sana.

Mfano wake ni huu. Katika bustani ya miti ya taifa mjini Washington, Marekani, kuna msonobari mweupe wa Kijapani ulioanza kulelewa chunguni mwaka 1625. Mwaka 1945 mti huo ulikuwa katika ua wa nyumba ya familia ya Yamaki, mjini Hiroshima, kiasi cha maili mbili tu kutoka mahali lilipopasuka bomu la atomiki, ukasalimika. Mwaka 1976 ukatolewa zawadi kwa watu wa Marekani. Mti wa karibu miaka 400 ndani ya chungu hauwezi kuwa mti uliolala na njaa. Siri yake ni kwamba kila baada ya miaka kadhaa hutolewa chunguni, mizizi yake ikapunguzwa na kupangwa, kisha ukarudishwa katika udongo mpya.

KWA NINI HATUKUTUMIA MTI WA WAJAPANI

Kitabu cha mkwe wangu kilifundisha kwa mti uitwao mepo wa Kijapani. Ni mti mzuri sana. Jani lake limepasuka kama kiganja chenye vidole vilivyofunuliwa, na kabla ya kupukutika hugeuka jekundu kama kaa la moto. Mkwe wangu alitaka tuagize mbegu zake. Tulipolipima jambo hilo tukaliacha. Mepo hupukutisha majani majira ya baridi yanapoingia, ukalala usingizi kwa miezi kadhaa. Usipoipata baridi hiyo hudhoofika mwaka hadi mwaka. Kimwani iko karibu na ikweta, haina majira ya baridi ya namna hiyo, sembuse visiwa vyetu vya pwani.

Kwa hiyo tulizishika kanuni za kitabu, tukauacha mti wake. Mkulima mwenye busara huchukua maarifa ya nchi nyingine, lakini mti huuchagua kwa ardhi na hewa ya kwake.

MUTOMA

Mti tuliouchagua ni ule ambao watu wa pande zile huuita mutoma, na Waganda huuita mutuba. Ni wa jamii ya mitini, ndugu wa mlandege wetu, ambao ndege hula matunda yake na kuziacha mbegu juu ya mwembe au ukutani, ukaota huko huko. Zamani, kabla ya vitambaa vya dukani kuenea, magome ya mutoma ndiyo yaliyokuwa nguo za watu wa Buhaya na Buganda. Gome huvuliwa shinani, likapondwa kwa nyundo za mbao mpaka likawa laini na pana. Shina lililobaki uchi hufungwa majani ya mgomba, na baada ya muda mti huota gome jipya. Mti mmoja huweza kuvuliwa hivyo mara nyingi katika maisha yake. Kazi hiyo ingaliko Buganda, na mwaka 2008 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa binadamu.

Basi fikiri mwenyewe: mti unaovuliwa gome ukavaa jingine ni mti unaostahimili kisu. Tena ukikata tawi lake nene na kulisimika kuwa kigingi cha ua, huchipua. Kwa sababu hiyo mutoma unamfaa sana anayeanza kujifunza. Asiyekuwa nao aweza kutumia mlandege; kanuni ni zile zile.

HATUA YA KWANZA: KUCHAGUA MCHE

Nilipofika kitaluni niliushika mche mrefu kuliko yote. Mzee wa kitalu akaniuliza, "Mzee mwenzangu, wataka mti wa kupanda au wa kutazama?"

Nikamjibu, "Wa kutazama, ndani ya chungu."

Akasema, "Basi usitazame juu. Tazama chini."

Akakwangua udongo wa juu kwa kidole mpaka mahali shina linapokutana na mizizi, akanionyesha mambo manne ya kutafuta. Kwanza, shina liwe nene chini na lipungue unene kadiri linavyopanda. Pili, mizizi ya juu itoke pande zote, si upande mmoja tu. Tatu, pawe na matawi karibu na chini, maana tawi la juu laweza kukatwa, lakini la chini si rahisi kuliotesha unapolitaka. Nne, shina lisiwe na jeraha linalooza. Urefu si kitu, kwa kuwa utakatwa. Niliuacha ule mrefu, nikachukua mwingine mnene, mfupi, uliopinda kidogo, ambao wanunuzi wote walikuwa wameupita. Ulikuwa umekaa kitaluni mwaka mzima zaidi ya wenzake.

HATUA YA PILI: KUFUNGUA MIZIZI

Kazi hii yafaa ifanywe mwanzo wa mvua, mti unapokuwa na nguvu ya kuchipua. Tuliupasua mfuko kwa wembe, tukaloweka udongo katika beseni la maji, tukaanza kuuchambua kwa kijiti chenye ncha butu, tukivuta kutoka shinani kwenda nje kama mtu anayechana nywele.

Udongo ulipokwisha kutoka nilishtuka. Mzizi mkuu ulikuwa umeshuka mpaka chini ya mfuko, ukakosa njia, ukageuka, ukajizungusha mara tatu kama kamba ndani ya ndoo. Mizizi ya pembeni nayo ilikuwa imefuata ukuta wa mfuko na kuuzunguka. Mzee akasema, "Huu ungepandwa shambani hivi ulivyo ungeota, na watu wangeusifu. Kisha ungejinyonga wenyewe."

Maana ya maneno yake ni hii. Mzizi hunenepa kila mwaka kama shina linavyonenepa. Mzizi ulionyooka hunenepa bila kumdhuru mwenzake. Mzizi uliojizungusha, kila unavyonenepa, pete zake hubanana na kulikaba shina kwa chini. Njia za maji zikaminywa. Juu ya hayo mti hauna mizizi iliyotawanyika ya kuushika, basi upepo ukivuma hulala upande. Katika miaka miwili ya kwanza huoni kitu, maana mizizi ingali myembamba na mti ni mdogo. Dalili huanza mti unapotaka kuwa mkubwa.

Niliposikia hayo nilikaa kimya, nikaikumbuka miche yangu ya Pemba. Lakini nitalirudia jambo hilo baadaye.

Tuliukata mzizi mkuu juu ya mahali ulipoanza kujipinda, kwa mkasi mkali. Mizizi yote iliyozunguka tuliikata. Ile iliyotoka shinani kwa kunyooka tuliibakiza, tukaitandaza pande zote kama miale ya jua. Anayeanza asiondoe zaidi ya theluthi moja ya mizizi kwa mara moja. Iliyobaki ataimalizia mwaka mwingine. Tulipunguza na majani kidogo, kwa kuwa mizizi iliyopungua haiwezi kuyanywesha yote. Jihadhari na utomvu mweupe wa miti ya jamii hii: usiuguse machoni, na unawe mikono ukimaliza.

HATUA YA TATU: KUNENEPESHA SHINA

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu akisha kukata mizizi hukimbilia kuupanda mti katika chungu kizuri, kisha akashangaa kuwa miaka inapita na shina lake ni kama ufito. Shina hunenepa kwa wingi wa majani, na majani hupatikana mti unapoachwa ukue. Kwa hiyo kwanza upande ardhini, au katika sanduku pana la mbao lenye matundu chini.

Sisi tuliupanda ardhini nyuma ya nyumba. Chini ya mizizi tuliweka kigae kipana, ili ikose njia ya kushuka na ienee pembeni. Tukauacha ukue utakavyo kwa miaka mitatu, bila kukata ila matawi yaliyoharibu sura. Tawi moja la chini tuliliacha lirefuke kupita kiasi, kwa kuwa tawi refu hulinenepesha shina lililo chini yake. Likisha fanya kazi yake hukatwa.

HATUA YA NNE: KULIKATA SHINA

Mwaka 2018 mti ulikuwa umepita kimo cha mtu, na chini ulikuwa mnene kiasi cha sentimita 6. Hapo ndipo msumeno ulipotumika. Binti yangu hakupenda kutazama. Kanuni ni kwamba kimo cha mti kikiwa kama mara sita ya unene wa chini, jicho la mtu huuona kuwa ni mti mkubwa na mzee. Kwa hiyo kimo chetu kilitakiwa kiwe kiasi cha sentimita 36. Tulikata chini ya hapo, kwa mshazari, juu kidogo ya tawi dogo lililoelekea juu, ili tawi hilo liwe shina jipya. Hivyo shina hupungua unene kwa ghafla kidogo na kupinda kidogo, kama miti iliyovunjwa na upepo zamani ikapona.

Baada ya majuma machache macho mapya yalitokeza pande zote za shina. Tuliyachagua: tawi la kwanza upande mmoja, la pili upande wa pili juu yake, la tatu nyuma. Mengine tuliyatoa kwa kidole yakiwa bado laini.

HATUA YA TANO: CHUNGU NA UDONGO

Chungu kiwe kipana, na kina chake kiwe karibu sawa na unene wa shina. Lazima kiwe na matundu makubwa chini, yaliyofunikwa kwa kipande cha wavu ili udongo usitoke. Wafinyanzi wa vyungu waweza kukutengenezea ukiwaeleza vizuri.

Udongo wa shambani peke yake haufai. Ndani ya chungu hushindilia, maji yakasimama na mizizi ikaoza. Sisi tulivunja matofali ya kuchoma yaliyobaki ya ujenzi, tukayapitisha katika chekeche, tukachukua punje zenye ukubwa wa kunde. Unga wake tuliutupa. Sehemu mbili za punje hizo tulizichanganya na sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa. Mti ulifungwa chunguni kwa waya uliopitishwa katika matundu ya chini, maana mti unaotikisika hauwezi kuota mizizi mipya. Kisha tukauweka kivulini kwa majuma matatu. Hatukuutia mbolea mpaka ulipoota majani mapya.

HATUA YA SITA: KUPOGOA NA KUFUNGA WAYA

Ukitaka matawi mengi madogo, acha kila tawi liote majani sita au manane, kisha likate yabaki mawili au matatu. Jicho lililo chini ya jani la mwisho litachipua kufuata upande lilikoelekea. Ukitaka tawi liende kushoto, kata juu ya jicho la kushoto.

Tawi lililokwenda visivyo huongozwa kwa waya laini. Sisi tulitumia nyuzi za shaba za umeme zilizokwisha kutupwa, tukazichoma motoni kwanza ili zilainike. Waya huzungushwa kwa mshazari, usikaze wala usilegee, kisha tawi hupindwa polepole. Hapa nilifanya kosa langu. Nilifunga waya kisha nikarudi Pemba, nikamwambia mkwe wangu auache mpaka nitakapokuja tena. Mutoma hukua upesi. Nilipotuma salamu baada ya miezi mitatu niliambiwa kuwa waya umezama katika gome. Alama zake zilibaki miaka mingi. Basi utazame waya kila juma, na ukiona umeanza kubana, ukate vipande vipande, usiuzungushe kuutoa.

HATUA YA SABA: MAJI, CHAKULA NA UDONGO MPYA

Usinyweshe kwa kufuata saa. Tia kidole katika udongo. Ukiwa umeanza kukauka, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Weka mti mahali penye jua la kutosha, si ndani ya nyumba. Kila baada ya miaka miwili hivi, mvua zinapoanza, utoe chunguni, upunguze mizizi iliyoanza kuzunguka, na kuurudisha katika udongo mpya. Hiyo ndiyo siri ya ule msonobari wa Hiroshima, nayo ni ile ile kwa mutoma wa Kimwani.

FAIDA KWA MIKARAFUU YETU

Sasa narudi kwenye miche yangu 60. Kabla ya kuipanda niliiweka nyumbani kwa muda mrefu sana, kwa kuwa shamba langu halijafyekwa. Masika moja yakapita, na mengine yakapita, nayo imo mifukoni. Niliinywesha maji kila siku, nikajiona mtu mwangalifu. Iliyokufa niling'oa na kuichoma moto, wala sikuitazama mizizi hata mara moja.

Niliporudi kutoka Kimwani nilikwenda moja kwa moja shambani na jembe. Nilichimba mikarafuu mitatu iliyokuwa imedumaa. Mmoja mizizi yake ilikuwa imeliwa na mchwa. Lakini miwili ilikuwa na fundo gumu lenye umbo la mfuko, ingawa mfuko wenyewe niliutoa siku ya kupanda. Mizizi ilikuwa ingali inazunguka ukuta ambao haupo tena.

Hapa kuna tofauti kubwa ambayo kila mwanachama aishike sana. Mutoma huvumilia kukatwa mizizi. Mkarafuu hauvumilii. Ni mti ambao mizizi yake ikiguswa huchelewa kupona au hufa. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kuwa nimemfundisha kuichana mizizi ya mche wa mkarafuu kama tulivyoichana ya mutoma. Ataiua miche yake. Mutoma umetuonyesha ugonjwa tu. Dawa ya mkarafuu ni kuuzuia ugonjwa huo usiingie. Nayo ni hii:

1. Panda mbegu zikingali mbichi, maana mbegu ya mkarafuu haikai siku nyingi kabla ya kupoteza uhai. Ukiotesha tutani, hamisha miche ingali michanga, na tundu la kuitilia liwe refu hata mzizi mkuu usimame wima. Mzizi uliopindwa siku hiyo hubaki umepinda.

2. Tumia mfuko mrefu kuliko mpana, wenye matundu ya kutosha chini na pembeni.

3. Usihesabu miezi peke yake. Mzizi ukianza kutokeza katika matundu ya chini, mche unakuambia kuwa nyumba imekuwa ndogo. Tayarisha shamba kabla ya miche, wala usifanye kinyume chake kama nilivyofanya mimi.

4. Ukipokea miche mingi, toa mmoja kwa mfano, upasue mfuko na utazame. Mche mmoja uliopotea kwa kutazamwa huokoa mamia.

5. Siku ya kupanda, ondoa mfuko wote bila kuvunja bonge la udongo. Ikiwa ncha ya mzizi tu ndiyo iliyojikunja chini kabisa, ikate mara moja kwa kisu kikali. Ikiwa mzizi mkuu umezunguka mara nyingi, usiupande mche huo, hata kama majani yake yanang'aa.

6. Shimo liwe pana, na udongo wa pembeni ulegezwe, ili mizizi iikute njia ya kwenda mbali. Kivuli na maji viendelee kama kawaida.

Twajua kuwa ni vigumu kuutupa mche wenye majani mazuri. Lakini fanya hesabu. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita mpaka minane hivi. Mche ukitupwa siku ya kupanda, hasara ni mfuko mmoja wa udongo. Ukifa mwaka wa nne, hasara ni maji ya miaka minne, palizi ya miaka minne, na nafasi ambayo mti mzuri ungeisimamia.

Wala sisemi kuwa kila mkarafuu unaokauka umeharibiwa na mfuko. Mchwa wapo, ukame upo, na ule ugonjwa wa kufa ghafla hushambulia mikarafuu mikubwa iliyokwisha kuzaa. Nasema hivi: ukiung'oa mti mchanga uliokufa, usiutupe kabla hujatazama mizizi yake. Ukiona usilolijua, umwite Bwana Shamba aone naye.

MWISHO

Mwaka 2017 nilipanda miche 41 mahali pa ile iliyokufa, kila mmoja nikiutazama chini kwanza. Minne niliitupa nikatafuta mingine. Katika hiyo 41, miti 36 imesimama, na mwaka 2024 baadhi yake ilinipa karafuu za kwanza. Hazikujaza hata pishi, lakini nilizianika peke yake mkekani.

Mutoma nao uko Kimwani kwa mkwe wangu. Nilipokwenda kuutazama mwaka 2023 ulikuwa umetulia chunguni, umeshusha mizizi miwili ya hewani kutoka katika tawi la chini, na mgeni asiyejua angeudhani una umri wa babu yake. Mzee wa kitalu alikuja siku hiyo. Hakutazama majani. Alikwangua udongo kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaomba chai.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MATAWI

1. Kwa nini mche wenye mizizi iliyozunguka huonekana mzima kwa miaka miwili ya kwanza?

2. Ni jambo gani linaloruhusiwa kwa mutoma au mlandege, lakini limekatazwa kwa mkarafuu? Toa sababu.

3. Miche yenu ya mwaka huu imekaa mifukoni kwa muda gani? Nani katika tawi lenu ametazama mizizi yake?

4. Mwanachama ana miche mizuri, lakini shamba lake halijafyekwa na masika yanakwisha. Mungemshauri nini, na tawi laweza kumsaidiaje?